Nilifuta comment zangu zote kuhusu mzee "aliyetunyima kula", kumbe ndiyo naharibu zaidi

Wakuu, salaam kutoka Mkolani, Mwanza. Mwenye haraka apite tu, uzi ni mrefu.

Ninachoandika ni kweli tupu, na sehemu kubwa kinanidhalilisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kuongeza chumvi. Chumvi nilishaiongeza miaka ya nyuma kwenye blogu ya watu, ndiyo iliyonifikisha hapa. Majina nimebadilisha, maana wahusika wako hai na mmoja wao ni mama yangu mzazi.

Mimi ni fundi friji. Nina hasira za karibu. Mke wangu anajua, wateja wanajua, na kama umewahi kubishana na mimi humu jukwaani unajua pia.

Twende taratibu.

Nimezaliwa ng'ambo, Kamanga, pale unaposhukia ukitoka mjini na kivuko. Baba alifariki nikiwa darasa la kwanza, akatuacha watoto watatu, mimi mkubwa. Ilikuwa miaka ya tisini, kile kipindi kila kitu kinageuka. Ushirika umelala, viwanda vya minofu vimefunguliwa mjini, wanunuzi wa sangara wanakuja na magari ya barafu, mitumba imejaa gulioni. Watu binafsi nao wakaanza kumiliki vitu ambavyo zamani vilikuwa vya kijiji.

Wapo walionyanyuka. Sisi tulibaki na mama, mbuzi wawili, na shamba la mihogo. Mama alikuwa anaanika dagaa pale mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki.

Sangara wanene walikuwa wanapita mbele ya macho yetu kwenda kiwandani, sisi tunabaki na vichwa. Wa umri wangu mnanielewa.

Sasa pale Kamanga kulikuwa na mtu mmoja, nitamwita Mzee Mafuru. Mjita, mtu wa Mara, alihamia kwetu na mke wake. Huyu ndiye wa kwanza kijijini kuwa na mashine yake mwenyewe ya kusaga, ya dizeli. Ikiwashwa inasikika mpaka huko ziwani.

Nilikuwa na kumbukumbu mbili tu juu ya huyu mzee.

Ya kwanza, nimesimama mlangoni pa mashine nikiwa na ndoo ya makopa kichwani, ile mihogo iliyokaushwa. Mzee anatikisa kichwa. Ananiambia, "Rudi nyumbani mwanangu, leo hakuna." Nikarudi. Siku hiyo hatukula ugali.

Ya pili ni sentensi ya mama. Jina la huyo mzee likitajwa popote, mama anafyonza, halafu anasema, "Yule? Yule alitunyima kula."

Basi. Una miaka minane, baba hayupo, una njaa, na mama yako kasema. Utahitaji ushahidi gani tena? Nilimhukumu palepale, nikakua na hukumu yangu.

Tuje kwenye blogu.

Nilipohamia mjini kujifunza ufundi, intaneti kafe zilikuwa kila kona. Kuna mwalimu mmoja mstaafu alianzisha blogu ya habari zetu za zamani, za pande zote za ziwa. Watu wengi tuliopo mbali na nyumbani tulikuwa tunaingia kusoma na kukumbushana.

Siku moja nafungua, nakutana na picha ya Mzee Mafuru amesimama pembeni ya mashine yake, anacheka. Mwalimu kaandika habari ndefu ya kumsifia. Mtu wa watu, mkarimu, alisaidia wajane na yatima.

Yatima!

Wakuu, nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nikafungua akaunti palepale, nikajiita Mtoto wa Kamanga, nikaandika: "Huyo mnayemsifia alitunyima kula sisi yatima. Nilienda na ndoo ya mihogo akanifukuza. Mungu anamwona."

Nikalipia muda wangu, nikaondoka nikijisikia mwepesi.

Kesho yake narudi, nakuta majibu kibao. Pole sana ndugu. Kumbe ndiyo zao hawa. Malipo ni hapa hapa duniani. Mwingine ananiuliza ilikuwaje, nisimulie zaidi.

Na mimi nikasimulia.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoionea aibu. Kila baada ya miezi kadhaa mtu aliifufua ile habari, na mimi nilirudi. Kila nikirudi niliongeza kitu. Kwenye comment ya pili mzee alinifukuza kwa ukali. Kwenye ya nne alinifukuza kwa fimbo. Kwenye ya saba mdogo wangu alilala na njaa siku tatu akalazwa. Mdogo wangu hajawahi kulazwa, labda alipojifungua.

Sikuwa nadanganya kwa makusudi, niaminini. Wakati naandika nilikuwa naiona kabisa ile fimbo. Huruma ya watu ni tamu wakuu, ukishaionja unaitafuta tena.

Jumla zilikuwa comment kumi na moja.

Miaka ikaenda. Nikaoa, nikajenga, blogu nikaisahau.

Mwaka huu, Jumapili moja, nimeenda Buswelu kumsalimia mama. Anaishi huko na dada yangu. Namkuta amesimama mbele ya kioo anajipima kitenge kipya, dada anambana pini kiunoni.

"Mama, kuna sherehe gani?"

"Jubilei ya Mafulu na mkewe," anasema. "Miaka hamsini ya ndoa. Jumamosi ijayo. Navuka ng'ambo, nimealikwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, "Mama, Mafuru yupi? Si yule aliyetunyima kula?"

"Huyo huyo!" Akafyonza. "Kula moja, mwanangu. Moja tu!"

"Moja kivipi? Chakula kimoja?"

Mama akageuka, akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Chakula gani tena? Nasema kula. Kula za kuchagua. Mimi nilipata alobaini, mkewe akapata alobaini na moja."

Dada akaanza kucheka, pini ikamdondoka.

Kwa wageni wa kanda yetu nieleze. Sisi Wasukuma na herufi R hatujawahi kupatana. Mama yangu hajawahi kuitamka hata siku moja maishani mwake. Nilijua hilo. Nimekuwa nikimtania tangu nikiwa sekondari. Lakini ile sentensi moja niliisikia nikiwa mdogo, kabla sijajua kuna R na L, ikabaki ilivyo.

Alitunyima KURA.

Mama akaendelea, wala hajui anachonifanyia. Kumbe kitongoji kilikuwa kinachagua mjumbe wa akina mama kwenye kamati ya mwalo. Wagombea wawili, yeye na mke wa Mzee Mafuru. Mzee alishamwambia pale mashineni, kwa utani wake, "Mama, kura yangu ni yako." Siku ya uchaguzi watu wanapanga mistari nyuma ya wagombea, mama anamwona mzee huyooo, kajipanga nyuma ya mke wake.

"Angekaa kwangu, ningeshinda mimi," mama anasema. "Alitunyima."

Nikamuuliza, "Na ile siku nilienda na ndoo ya makopa akanirudisha?"

"Ipi? Dizeli si ilikuwa inaishaga kila mala. Siku hizo tunakula viazi. Wewe ulikuwa unalia eti unataka ugali." Halafu akasema, akijitazama mgongo kwenye kioo, "Angekuludishaje bule bule? Tangu baba yako afaliki yule mzee hakuwahi kuchukua hata shilingi kwangu. Alitusagia mpaka wewe unamaliza la saba."

Nikakaa chini, kwenye zulia, siyo kwenye kiti.

Dada akaniuliza nina nini. Nikasema joto.

Wakuu, nilitoka pale nikiwa na kitu kimoja tu kichwani, zile comment. Halafu ikaja habari mbaya zaidi. Napiga simu kwa jamaa yangu wa Kamanga kuulizia hiyo jubilei, ananiambia watoto wa mzee wamemwandalia zawadi. Wameomba ile habari ya kwenye blogu ichapwe yote, pamoja na maoni ya watu, ifungwe kama kitabu. Siku ya sherehe mzee anakabidhiwa, asome jinsi watu wanavyomkumbuka.

Jinsi watu wanavyomkumbuka! Na humo mimi nimo mara kumi na moja, na fimbo.

Mzee ana miaka themanini na kitu. Alitusagia miaka sita bure. Shukrani yake anakabidhiwa mbele ya kanisa zima, na imeandikwa na mimi.

Jumatatu nilifunga karakana. Mteja mmoja mpaka leo ananidai friji lake.

Kwanza, password sikumbuki. Nilijaribu majina yote, ya watoto, ya timu, ya mchumba wa zamani, hola. Mtandao ukaniambia code ya kuingilia itatumwa kwenye namba ya simu. Namba ipi? Ile laini yangu ya zamani niliyoitupa miaka hiyo!

Nikaipigia. Ikapokelewa na mama mmoja yuko Geita.

"Shikamoo mama. Samahani, kuna meseji ya tarakimu sita itaingia kwenye simu yako, naomba unisomee."

"Marahaba. Wewe ni tapeli," akakata.

Nikapiga tena. Akaniambia amesikia redioni, code hazitolewi, na mtoto wake ni polisi. Nikapiga mara ya tatu. Nikamwambia, mama, nipe dakika tano, halafu uamue. Nikamsimulia yote. Ndoo, mashine, kula, kura, jubilei.

Nikadhani amekata.

Halafu nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. "Baba," akasema, "na mimi ni Msukuma. Tapeli hawezi kutunga ujinga wa namna hiyo." Akanisomea namba, moja moja. Mungu ambariki yule mama popote alipo.

Nikaingia.

Nikaanza kusoma comment zangu moja baada ya nyingine. Kuna jamaa mmoja miaka hiyo alinitania: "Mkuu, ni kula au kura? Nyie watu wa kanda ya ziwa mna shida." Maskini, alikuwa ameshika jibu mkononi! Unajua nilimjibu nini? Nilimtukania ukoo mzima. Kama unasoma hapa ndugu yangu, nisamehe, ulikuwa sahihi kuliko sote.

Nikabonyeza futa. Futa. Futa. Zote kumi na moja, hata robo saa haikufika. Nikashusha pumzi. Nikaenda kunywa chai.

Narudi, nakuta nini?

Pale palipokuwa na comment zangu pameandikwa: "Maoni haya yameondolewa na mwandishi." Mara kumi na moja. Na majibu ya watu yote yapo vilevile! Pole ndugu, Mungu atamlipa huyo katili, aliyemlaza yatima na njaa hawezi kupona. Wengine walishanukuu maneno yangu yote kabla ya kunijibu, na fimbo imo.

Nilichofuta ni jina langu tu. Uongo wenyewe ulikuwa umeshaota kwa wengine, na mimi sikuwa na uwezo wa kugusa comment ya mtu mwingine.

Nikiwa bado nashangaa, comment mpya ikaingia: "Mnaona sasa? Wamemtisha mtoto wa watu mpaka amefuta! Huyu mzee ni hatari mpaka leo." Ikafuata nyingine. Na nyingine. Habari iliyolala miaka ikafufuka upya.

Nilitamani kuirusha simu ukutani.

Nikamtafuta Mwalimu mwenye blogu. Nikamweleza, nikimwamkia kila baada ya sentensi mbili. Alinisikiliza, kisha akasema kwa ile sauti ya kupanga watoto mstarini, "Kijana, kwenye blogu nitakusaidia. Mimi ndiye admin, naweza kuondoa mazungumzo yote hayo mpaka mzizi. Lakini kitabu kilishachapwa wiki iliyopita."

"Sasa Mwalimu si tukichukue, tutoe hizo kurasa?"

"Kimeshavuka," akasema. "Kiko kwa mzee mwenyewe. Binti yake alishindwa kuvumilia, akampa mapema."

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye kivuko.

Sijui niliwaza nini humo majini. Nilikuwa natunga sentensi ya kuanzia, nikifika katikati naifuta. Nilipanga kusema niliingiliwa akaunti. Ndiyo, nilipanga kabisa kudanganya tena, nisiwafiche.

Nimemkuta kakaa kibarazani kwenye kiti cha kamba, blanketi miguuni. Mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Kile kitabu kiko kwenye stuli pembeni yake, kimefungwa kwa ule waya wa plastiki. Mke wake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Wakaitika. Nikajitambulisha kwa jina la marehemu baba. Mzee uso ukamng'aa, akataka kusimama anipe mkono. "Mtoto wa mama mwenye kura zake!" akasema. "Anakuja Jumamosi?"

Ile ya kuingiliwa akaunti ikayeyuka. Nikapiga magoti palepale kwenye udongo, mwanaume mzima na kitambi changu, nikasema yote. Kwamba Mtoto wa Kamanga ni mimi. Kwamba nilisikia kula badala ya kura. Kwamba fimbo niliiweka mimi.

Mama Mafuru ungo ulisimama mikononi. Mzee akaanza kucheka, kicheko cha kizee, mabega yanatikisika. "Kula! Mama yako na hiyo R yake! Kura kweli nilimnyima. Mgombea mwenzake si alikuwa huyu hapa? Ningelala wapi siku hiyo?"

Na mimi nikacheka. Nikajua yameisha.

Hayakuwa yameisha.

Mzee akaacha kucheka, akasema taratibu, "Mimi hizo habari zako nilizisoma zamani. Si kwenye hiki kitabu. Zilipotoka tu, mjukuu wangu alinisomea. Nikamwambia, muulize huyo mtoto ni nyumba ipi, mwaka gani. Akaandika. Ukajibu kwamba tunakuchunguza ili tukudhuru."

Nilikumbuka, wakuu. Mtu asiye na jina aliyeuliza "ulikuwa nyumba ipi mwanangu?" nilimjibu kwa herufi kubwa zote.

"Sasa mimi nikabaki najiuliza," mzee anaendelea. "Watoto waliokuja mashineni ni wengi. Nilikuwa na shughuli, nina hasira zangu pia. Nikasema, mtu hawezi kulia miaka yote hiyo bila sababu. Yupo mtoto nilimrudisha na njaa, mimi ndiye nimesahau. Kwenu sikufikiria kabisa, maana kwenu nilikuwa nasaga."

Mke wake akadakia, akiangalia mchele, "Nilimwambia hakuna. Miaka yote namwambia hakuna. Hasikii."

Mzee akasema, "Nikaenda kwenye nyumba zilizokuwa na yatima wakati ule. Nyumba nne. Nikawaomba radhi. Nikawaambia, kama ni mtoto wenu, nisameheni."

Akainama, akanishika bega. Mkono mwepesi kabisa. "Kwa hiyo hakuna?"

"Hakuna nini, mzee?"

"Huyo mtoto. Hayupo?"

"Hayupo, mzee. Hakuna mtoto uliyemrudisha na njaa. Ilikuwa dizeli imeisha. Tulikula viazi."

Akavua miwani. Akamwita mke wake, na mke wake yuko hatua mbili tu kutoka hapo. "Mama, umesikia? Hakuna." Akalirudia hilo neno sijui mara ngapi, machozi yanamtiririka, hayafuti. Hakuna. Hakuna. Mama Mafuru akaweka ungo chini, akaja kumshika. Na mimi nililia, sioni aibu kusema, nililia kama siku ya msiba wa baba.

Nilitaka kuzichana zile kurasa. Akakataa. Akasema kitabu ni cha watoto wake, wamekigharamia, kisichanwe. Akanipa kalamu. Nikakaa pale kibarazani nikaandika pembeni ya kila comment yangu, zote kumi na moja: "Si kweli. Nilisikia vibaya." Na jina langu kamili. Mkono uliuma. Kisha wakanilazimisha nile ndipo wakaniruhusu kuondoka.

Jumamosi sherehe ilifana. Mama alicheza na Mama Mafuru mbele ya watu wote, na aliposhika kipaza sauti kutoa pongezi alisema bado anadai kura zihesabiwe upya. Kanisa zima lilicheka. Mwalimu alikuwa ameshaondoa yale mazungumzo yote kwenye blogu, na mimi nikaandika comment moja tu mpya, kwa jina langu halisi, nikieleza ukweli. Imepata jibu moja. "Sawa."

Mafunzo wakuu. Kitaalamu kwanza, maana najua kuna watu wamekuja kwa ajili hiyo. Ukibadilisha laini ya simu, hamisha akaunti zako kabla hujaitupa. Kufuta comment yako hakufuti majibu wala nukuu za watu, hilo mwombe admin. Na usifute kimyakimya bila kueleza, watu watajaza wenyewe sababu.

La pili, kabla hujamwanika mtu kwa kitu ulichosikia utotoni, muulize mama yako mara moja tu. Swali langu lingechukua dakika mbili. Nimechelewa miaka zaidi ya kumi kuliuliza, kisa hasira.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu leo ni zile nyumba nne.

Maana fikirieni. Mzee alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Watu wakajua basi ni kweli alilifanya. Hakuna admin wa kufuta hilo. Kwa hiyo nazunguka nyumba hizo mwenyewe, nawaeleza ukweli. Comment kumi na moja niliziondoa ndani ya robo saa, hizi nyumba nne nina mwezi wa pili sasa. Wengine wamehama, wengine wamekufa wamebaki watoto.

Wiki iliyopita nimefika ya tatu. Bibi mmoja, kipofu kidogo, anaota jua. Nikamweleza yote, polepole, mpaka mwisho. Akaniambia:

"Alikuja hapa, akapiga magoti hapo ulipo. Mwanangu ni kweli alikufa na utapiamlo, miaka ile ile. Tulikuwa hatuna wa kumlaumu. Alipokuja yeye tukampa lawama zote, halafu tukamsamehe, na mimi nikaanza kulala usingizi. Sasa wewe unasema hakukosa. Mimi nimlaumu nani tena?"

Bado nimebakiza nyumba moja, na sijui kama niende au niache.

Ninyi mngefanyaje? Andikeni hapa chini. Mkitaka kunitukana nitukaneni, nimestahili, ila mjue mnachoandika kitabaki.